Mkurugenzi wa bima ya afya anafanya nini hasa? Jibu kwa mtoto wa mwalimu mstaafu

Swali lenyewe kwa kifupi: "Shikamoo mtaalamu. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kastaafu 2017, ana presha na kisukari. Mwezi uliopita kaenda na kadi yake ya NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) akaambiwa dirishani dawa aliyoizoea haipo kwenye kitita, yani orodha ya huduma na dawa ambazo bima inalipia, akapewa nyingine, amerudi nyumbani na hasira hataki kuimeza. Mwaka 2024 tena hospitali binafsi anayotibiwa ilimkataa siku kadhaa. Yeye anasema huyo mkurugenzi wa bima kazi yake kukaa kwenye kiyoyozi na kufuta dawa. Je ni kweli yeye ndo anafuta? Anafanya nini kila siku? Naulizia pia kwa ajili yangu, niko mwaka wa tatu Mzumbe nasoma usimamizi wa mifumo ya afya na kazi ile naitamani."

Marahaba mdogo wangu. Mwalimu mpe pole na salamu zangu, na kabla sijaenda popote naomba mwambie asikae bila dawa ya presha hata siku moja kwa sababu ya hasira, hiyo nyingine waliyompa inawezekana kabisa ni dawa ileile kwa jina la kiwanda kingine, nitalirudia hapo chini. Mimi nimekaa miaka 9 kwenye uhakiki wa madai ya bima ya umma, yani ile kazi ya kusoma fomu za hospitali moja moja na kuamua hii ilipwe hii ikatwe, halafu nikahamia kwenye kuandaa ripoti zinazopanda juu kwa wakurugenzi, kwahiyo kiyoyozi anachokisema mzee nimekiona kwa karibu na watu wanaokaa chini yake nimewaona wakitoka saa tatu usiku na macho mekundu.

Tuanze na la kufuta dawa. Jibu fupi: hapana, sio yeye peke yake. Orodha ya dawa muhimu ya taifa inatengenezwa na Wizara ya Afya pamoja na mwongozo wa matibabu, na kila dawa mle imepewa ngazi, kuna ya zahanati, ya kituo cha afya, ya hospitali ya wilaya, ya mkoa mpaka ya kibingwa. Kitita cha mafao nacho hakitoki kichwani kwa mtu mmoja, wataalamu wa mfuko wanaandaa, bodi inapitia, waziri ndo anabariki. Kiwango cha makato ndo kabisa hakigusi, kile cha watumishi wa umma cha 6% ya mshahara, nusu mtumishi nusu mwajiri, kimekaa tangu mfuko uanzishwe kwa sheria ya 1999 na kuanza kazi Julai 2001. Hata yeye mwenyewe Mkurugenzi Mkuu ni mteule wa Rais. Chini yake ndo wapo wakurugenzi wa maeneo, wa uanachama, wa huduma za tiba, wa fedha, wa tehama, wa tathmini ya uhai wa mfuko na kadhalika, ukisikia mtu anasema "mkurugenzi wa bima" mara nyingi anachanganya watu watano sita.

Sasa utauliza kama makato hapangi, dawa hapangi, amebaki na nini. Amebaki na mambo mazito kuliko hayo kwa maoni yangu.

Cha kwanza ni hesabu ya chungu, yani hela ya pamoja ya wachangiaji wote. Nikupe mfano, na hizi ni namba za kufikirika tu nataka uone mwendo wake. Mtumishi wa mshahara wa milioni moja anachangia pamoja na mwajiri wake 60,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni 720,000, na hiyo kadi inabeba watu mpaka 6, yeye, mwenza na wategemezi wanne. Sasa chukua mgonjwa mmoja wa figo anayesafishwa damu mara 3 kwa wiki, hiyo ni mara 156 kwa mwaka, na tuseme kila awamu ni laki na nusu, inakuja milioni 23 na laki 4. Gawa kwa 720,000. Unapata kama 32 na nusu, maana yake familia 32 na zaidi zimechangia mwaka mzima, zisiumwe hata malaria, ili huyu mmoja aishi. Na anastahili kuishi, ndo maana ya bima, mimi siku ya kwanza kuipiga hii hesabu nilikaa kimya pale mezani kwasababu nilikuwa najua jina la mgonjwa kwenye ile fomu na nilikuwa najua ana watoto. Mkurugenzi anaiona hesabu hii kila mwezi ikizidishwa kwa maelfu ya wagonjwa, figo, saratani, moyo, kisukari, na wakati huohuo wachangiaji wengi wanaingia wakiwa na mishahara midogo.

Na hapo hujamuweka baba yako. Naomba usinielewe vibaya, simsemi mzee, nataka umuelewe mkurugenzi. Mwalimu kachangia kuanzia 2001 mpaka 2017, miaka 16, na sasa yeye na mama wanatibiwa bila kukatwa senti, na ndo umri ambao binadamu anaumwa kuliko wakati wowote wa maisha yake. Hiyo ni ahadi nzuri sana na ningeumia kuona inavunjwa, ila ahadi hiyo inalipwa na mwalimu kijana aliyeajiriwa juzi Kibondo. Ajira za serikali zikisimama miaka mitatu minne, wastaafu wanaongezeka huku wachangiaji wapya hawaji, na chungu kinaanza kuonyesha tako. Hii ndo inaitwa tathmini ya uhai wa mfuko, wanatakiwa watu wa aktuaria, yani wataalamu wa hesabu za bima, wakae waseme kwa mwenendo huu hela itatosha miaka mingapi, na mkurugenzi ndo anatakiwa aibebe ile ripoti mpaka kwa waziri hata kama habari zake ni mbaya. Mwaka 2022 suala hili lilitoka hadharani, waziri wa afya wa wakati ule Ummy Mwalimu alizungumzia waziwazi hali ngumu ya mfuko na mzigo wa magonjwa yasiyoambukiza, na wengi walishtuka kana kwamba limetokea usiku mmoja, kumbe ndani ya ofisi lilishaandikwa kwenye karatasi muda mrefu.

Mfano wa pili unaoujua ni Toto Afya Kadi. 50,400 kwa mwaka kwa mtoto, bei ambayo mama ntilie anaweza kujibana akaipata. Wazazi wakaipenda, na mimi niliipenda. Ila ilikuwa ya hiari na ya mtoto mmoja mmoja, kwahiyo mzazi mwenye watoto wanne anamkatia yule anayeumwa, wengine watatu wazima anawaacha, na kuna waliokata kadi mtoto akiwa tayari kitandani. Huwezi kumlaumu mzazi hata kidogo, mtoto anaumwa unafanya nini. Lakini mfuko ukiwa na wagonjwa watupu sio bima tena, umekuwa mchango wa harambee usiofika hata nusu ya bili, na 2023 utaratibu ule ukasitishwa. Mkurugenzi mzuri alitakiwa kuliona hili siku ya kupanga bei, kabla hata kadi ya kwanza haijatoka, na kama aliliona na akalisema hakusikilizwa basi hilo nalo ni sehemu ya kazi yake, kusema tena.

Cha pili, na hapa ndo mimi nina uchungu napo zaidi, ni kulipa hospitali kwa wakati na kulipa haki. Wananchi wengi hawajui njia inayopita hela. Mzee akitibiwa anasaini fomu, hospitali inakusanya fomu za mwezi mzima inatuma madai, wahakiki wanapitia, kinachokubalika kinalipwa, kisichokubalika kinakatwa na hospitali inaambiwa sababu. Hapo katikati ndo kuna vita. Malipo yakichelewa, hospitali ya mission kule wilayani inashindwa kumlipa muuza dawa, dawa zinaisha, mgonjwa wa bima anaambiwa kanunue nje, na yule wa hela taslimu anahudumiwa kwanza kwasababu hela yake inaonekana leo. Ukienda hospitali ukaona wa bima wanakaa foleni refu kuliko wa cash usimlaumu nesi peke yake, mara nyingi tatizo limeanzia kwenye meza ya malipo miezi mitatu nyuma.

Kwa upande mwingine ukilipa harakaharaka bila kuangalia unaibiwa, na unaibiwa sana. Niliwahi kukutana na madai ya kituo kimoja, sitakitaja, fomu kama 40 sahihi ya mgonjwa imefanana mteremko uleule wa kalamu, tukawapigia simu wenye kadi, wengine hawakuwahi hata kufika ule mji. Kituo kingine kila mgonjwa anayeingia na mafua anapimwa vipimo sita vilevile, kila mgonjwa, kila siku. Hii inatokana na namna ya kulipa: ukilipa kwa kila huduma, basi kila kipimo kinachoongezwa ni hela inaongezeka, na hata daktari mwaminifu anasukumwa na uongozi wake aongeze. Ukilipa kwa kichwa, yani kiasi fulani kwa kila mtu aliyejiandikisha kituoni, kishawishi kinageuka, kituo kinatamani mtu asipewe kitu. Hakuna njia isiyo na ubaya, mkurugenzi anachagua ni ubaya gani anaweza kuusimamia kwa wakaguzi alionao na data alizonazo, na wakaguzi wenyewe ni wachache kuliko unavyodhani.

(Mwambie mzee na yeyote mwenye kadi: usisaini fomu tupu. Iandikwe kwanza huduma uliyopata, usome, ndo usaini. Hilo peke yake lingeokoa hela nyingi.)

Sasa ile ya 2024 iliyomkuta baba yako. Mfuko ulitangaza kitita kipya kianze 1 Machi 2024, chenye mabadiliko ya bei na ya dawa. Hospitali binafsi kupitia chama chao cha APHFTA zikasema bei hizo hazilipi gharama zao, zikasitisha huduma kwa wenye kadi, wagonjwa wakarudishwa getini, serikali ikaingilia, baada ya siku chache za mvutano huduma zikarudi na mazungumzo yakaendelea. Watu waligawanyika, wengine wanasema hospitali zina tamaa, wengine wanasema mfuko una ubabe. Mimi nasema hivi: bei lazima zipitiwe, kuna vitu vilikuwa vinalipwa mara mbili ya bei ya soko na kuna vingine vinalipwa chini mpaka hospitali inapata hasara kila ikitoa hiyo huduma, na mtu wa kujua kipi ni kipi ni mkurugenzi na timu yake, ila mazungumzo ya bei hayatakiwi kumalizikia kwa mgonjwa wa presha amesimama getini. Siku mgonjwa anajua kwa tangazo la ukutani kwamba kadi yake leo haifanyi kazi, hapo kazi imeshaharibika, haijalishi nani alikuwa na haki kwenye hesabu. Ndo maana nasema nusu ya kazi ile ni kukaa na watu usiopenda kukaa nao, mapema, kabla ya tarehe.

Ukitaka kuona uzito wa hilo angalia jirani. Kenya walikuwa na NHIF yao tangu 1966, wakatunga sheria mpya Oktoba 2023 na tarehe 1 Oktoba 2024 mamlaka mpya ya bima ya afya, SHA, ikaanza kazi. Makato yakahama kutoka yale ya viwango vyenye ukomo wa shilingi 1,700 kwenda 2.75% ya mapato bila ukomo, na chini kabisa shilingi 300 kwa mwezi. Katikati hapo Mahakama Kuu ilishasema sheria ina kasoro za kikatiba, Mahakama ya Rufani ikasimamisha uamuzi ule, watu wanajisajili upya, sistimu inagoma hospitalini, na madeni ya mfuko wa zamani yakabaki ugomvi mkubwa kati ya serikali na hospitali. Bosi wa taasisi kama ile asubuhi anahojiwa na kamati ya bunge, mchana anakaa na mafundi wa kompyuta, jioni yuko kwenye televisheni anaeleza kwanini mama fulani kazuiliwa wodini. Wazo lenyewe la kila mtu achangie kwa uwezo wake silipingi, nalipenda, ila kuhamisha mamilioni ya watu kutoka chungu kimoja kwenda kingine wakati wanaendelea kuumwa ni kazi ambayo sijui kama kuna chuo kinaifundisha.

Na sisi tuko njia hiyohiyo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023. Pale ndo kuna mtihani wa mkurugenzi wa kizazi chako mdogo wangu, maana mpaka sasa bima yetu imebebwa na watu wenye mshahara, ambao ni rahisi kuwakata. Mvuvi wa Ukerewe utamkataje? Muuza mahindi Kibaigwa ambaye Julai ana hela na Februari hana? Tumejaribu muda mrefu, CHF, yani mfuko wa afya ya jamii, ilianza kwa majaribio Igunga 1996, ikaja kuboreshwa 2018, kaya ya watu 6 shilingi 30,000 kwa mwaka, na changamoto ikawa ileile, mtu analipa mwaka wa kwanza, akienda zahanati anakuta hakuna dawa, mwaka wa pili halipi. Niliwahi kumsikia mzee mmoja kijijini anamwambia mwandikishaji "mwanangu hiyo kadi nishainunua, dawa ndo sikuiona," na yule kijana hakuwa na cha kujibu. Sheria mpya imetaja vyanzo vya kuwabeba wasio na uwezo, ushuru wa vinywaji baridi, pombe, vipodozi, michezo ya kubahatisha, ni hatua kubwa, ila hela hiyo inatoka hazina na hazina ina foleni yake. Mkurugenzi ndo atakuwa anagonga huo mlango kila robo mwaka, na atatakiwa awe na uti wa mgongo wa kusema hela ya wagonjwa isipelekwe kwenye shughuli nyingine hata kama anayeomba ni mkubwa. Mikopo ya mfuko kwenda serikalini inayochelewa kurudi CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ameshaihoji, sio siri.

Kila siku anafanya nini basi? Asubuhi anapokea taarifa ya makusanyo, nani hajaleta michango, kuna waajiri wanamkata mtumishi halafu hawapeleki, hao anawafuata kwa barua na ikibidi mahakamani. Taarifa ya madai yaliyolala. Mkoa gani matumizi yamepanda ghafla na kwanini. Kikao cha wizara. Swali la mbunge linatakiwa jibu kabla ya saa nane. Zabuni, watumishi, bodi, hayo ya kawaida ya kila taasisi sitayamaliza. Wazuri niliowaona walikuwa na tabia moja, wanashuka. Bosi wangu mmoja alikuwa kila akienda mkoani anapanga foleni dirisha la bima kama mgonjwa, hajitambulishi, anasikiliza tu, akirudi ofisini anatuuliza maswali ambayo hakuna ripoti yetu iliyokuwa imeyaandika.

Kuhusu dawa ya mzee, fanyeni hivi. Chukua boksi la zamani na la sasa, soma jina dogo la chini, lile la dawa yenyewe sio la kiwanda. Yakifanana na uzito wa miligramu ukiwa sawa basi kwa kawaida ni dawa ileile, ameze kwa amani, ila kama boksi moja lina herufi kama SR au XR na jingine halina, muulizeni mfamasia kwanza. Yakiwa tofauti, arudi kwa daktari sio kwa dirisha, aulize kama hii mpya inamfaa kwa presha yake na kisukari chake pamoja, apimwe baada ya wiki kadhaa. Kama daktari anasema ile ya mwanzo ndo anaihitaji kweli, aulize mambo mawili: je inaruhusiwa ngazi ya juu, kwamba akipewa rufaa hospitali ya mkoa ataipata? Na je ni zile zinazotaka kibali maalumu cha mfuko? Ikishindikana nenda ofisi ya mfuko ya mkoa, andika malalamiko, acha nakala yenye muhuri. Malalamiko ya maandishi yanahesabiwa, ya mdomoni yanaishia pale pale, na nakuambia kama mtu niliyekuwa naandaa zile ripoti, malalamiko 30 ya dawa moja kutoka mkoa mmoja yanafika juu.

Kwa upande wako wewe: usiikimbie hesabu. Wengi wa usimamizi wa afya wanaiogopa, halafu wakifika mezani na mtu wa aktuaria wanaitikia tu. UDSM wanafundisha aktuaria, IFM, chuo cha usimamizi wa fedha, wana bima na hifadhi ya jamii, hata kama hutasoma shahada nzima tafuta kozi, ujue kusoma jedwali la madai na kuuliza namba hii imetoka wapi. Ukimaliza usikimbilie makao makuu Dodoma. Omba ukatibu wa afya wilayani, kaa miaka mitatu minne hospitali ya halmashauri, kaa dirisha la bima, jaza fomu mwenyewe, katwa madai mpaka uumie, uone mganga mfawidhi anavyohangaika mwezi wa pili bila malipo. Halafu ndo uende mfuko, uanzie uhakiki.

Na ukienda likizo, kaa na mwalimu umsikilize hasira yake yote mpaka mwisho, usimkatishe kwa maelezo haya yangu. Ukinitumia majina ya hizo dawa mbili nitakuangalizia ziko ngazi gani.